Antena ya Mudathir na Tiara la Watu Wazima

Mdogo wangu Mudathir alikuwa fundi wa antena hapa Temeke, na hakukuwa na paa asilolikanyaga. Televisheni zilipoingia, kila aliyenunua alitaka bomba la antena refu kumzidi jirani. Juu ya kila bomba alikuwepo Mudathir akilizungusha, na ukoo mzima umejazana dirishani ukimwelekeza: "Bado. Bado. Hapohapo. Ah, umeshapitiliza." Alikwishaanguka mara tatu. Mara ya tatu aliangukia banda la kuku la mjumbe wetu, na mjumbe mpaka leo anadai jogoo wake hawiki sawasawa.

Huyo ndiye aliyempenda Wahiba, binti wa Mzee Nasser mwenye duka la vitenge. Wazazi wetu hawapo, kwa hiyo posa niliipeleka mie pamoja na mshenga. Mzee Nasser alitusikiliza, akatunywesha kahawa, akasema, "Kijana hana neno. Lakini Bi Tabu, sitaki mwanangu akae eda kwa sababu ya antena. Akipata kazi ya chini, mnirudie."

Kazi ya chini ikapatikana Mikocheni, kwenye karakana ya Nikodemu, mtu wa bara aliyesoma Ujerumani akarudi na ndege isiyo na injini. Ndiyo, haina. Inavutwa kwa kamba na Landrova kama mtoto anavyovuta tiara, ikishika upepo kamba inaachiwa, waliomo wanaelea. Rafiki yake Romani alikuwa nayo ya pili, na wote wakirushia uwanja mmoja kule Kigamboni. Shida yao ni kwamba ndege hizo hupanda kwa kufuata hewa ya moto, na hewa yenyewe ikipatikana pahala pamoja wote wawili wanazunguka humohumo. Na hazina mlio. Mara mbili nusura wagongane, watu wazima na akili zao.

Nikodemu akaagiza visanduku viwili, kila ndege na chake, vikikaribiana vinalia. Kilichobaki ni antena.

"Vikilia," alimwambia Mudathir, "wewe ni fundi wangu wa kudumu. Utafanya kazi umekaa kitini. Ngazi utaisikia kwa wenzako."

Ndege ya Romani haikumsumbua. Kwenye ya Nikodemu, kwanza Mudathir alitaka kusimamisha bomba mgongoni. Alipokatazwa akanuna siku mbili, kisha akaipitisha antena ndani, chini ya kiti.

Siku ya majaribio tulivuka kwa pantoni, mie na Mzee Nasser, aliyetaka kuiona kazi hiyo ya chini kwa macho yake. Nikakalishwa ndani ya ndege nisikilize kisanduku, ile ya Romani ikasukumwa kuja upande wetu.

"Dada, kinalia?"

"Bado."

Akapenyeza mkono chini ya kiti, akaishika antena. Kisanduku kikalia. Akaiachia, kimya. Akaishika, kikalia.

Mwenye televisheni ananielewa. Antena ikishikwa na mtu picha inang'aa, ikiachiwa ni chenga tupu. Temeke kuna waume waliosikiliza taarifa ya habari mwaka mzima wamegeukia ukuta, wameishika waya ili wake zao waone.

Nikodemu akatazama juu. Hewa ilikuwa nzuri, na Romani alikwishafunga mkanda.

"Viti viwili," akasema. "Panda, uishike."

"Niishike huko juu?"

"Si inataka mtu? Basi mtu ni wewe."

Mudathir alinitazama, akamtazama Mzee Nasser, akapanda.

"Anakwenda wapi?" Mzee Nasser akaniuliza.

"Anafanya kazi kitini, baba."

Landrova ikavuta. Mzee Nasser alinyanyua kichwa mpaka kofia ikamdondoka, na hakuiokota. Zile ndege mbili zikazunguka juu yetu, zikasogeleana, kisha ghafla moja ikakata kushoto na nyingine kulia. Nilipumua.

Waliposhuka, Mudathir alitoka na ndala moja iliyokatwa pembe. Alitapika kwanza, karibu sana na viatu vya Nikodemu.

"Hakitaki mtu," akasema alipopata sauti. "Huko juu mkono ulikufa ganzi kwa woga, antena ikaniponyoka ikaangukia pembeni, na kisanduku kikaendelea kulia. Nikachungulia. Kumbe kule chini nilikuwa nimeilaza juu ya fimbo ya chuma ya usukani, na chuma ndicho kilichokuwa kikiizima. Kila nikiishika nilikuwa naiinua tu. Sasa nimetia kipande cha ndala katikati."

Nikodemu akainama, akachungulia chini ya kiti, akasema, "Jumatatu saa mbili uwe karakana."

Mudathir akamwendea Mzee Nasser. "Shikamoo, mzee. Sikujua kama ningepanda. Sirudii. Hata paa sirudii. Hata stuli."

Mzee Nasser alimkagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Marahaba," akasema. "Mie nilikunyima kwa kudhani huogopi kufa. Mtu wa namna hiyo hafugiki. Kumbe unaogopa hivi?"

"Sana, mzee."

Akaokota kofia yake, akaipangusa mchanga. "Bi Tabu, mwambie mshenga aje Ijumaa. Na mtafutieni huyu maji ya kusukutua, hawezi kupanda pantoni na mie katika hali hii."