Seti ya Wino ya Fedha Niliyorudi Nayo Kamina

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa karakana moja ya London alinipa kitambaa na sinia ndogo ya fedha yenye miguu minne, iliyochongwa majani na maua. Juu yake palikuwa na vidau viwili vya kioo vya kutilia wino, mfereji wa kulazia kalamu, na kikombe cha mshumaa wa kuyeyushia nta ya muhuri. Ilikuwa seti ya wino ya mezani, ya enzi ya Malkia Viktoria. Mimi, mtoto wa fundi wa reli wa mji wa Kamina, mwenye diploma niliyoipata kwa jasho langu, nikaanza kusugua kwa nguvu zote.

Fundi mkuu alinishika mkono.

"Kijana, unataka kuipikia uji? Ng'arisha mgongo wa jani tu, pale palipoinuka. Weusi ulio ndani ya mchoro uache. Ukiutoa, umemtoa aliyechonga."

Sikuambiwa mara ya pili. Baadaye nilipandishwa meza ya kufua fedha, ambako hulazwa juu ya lami laini ili nyundo iinue maua bila kuitoboa. Kisha msimamizi wa mnada wa vyombo vya fedha, bwana mchoyo wa sifa, akawa ananiita nisome chapa zilizogongwa juu yake: simba anayetembea ni fedha halisi, herufi kando yake ni mwaka. Nilikamata bandia zilizowapita wenye vyeo. Mtu mwingine wa Kamina aliyefika hapo simjui.

Nilipostaafu, fundi mkuu, sasa mzee sana, alinipa ile seti ya wino ya siku ya kwanza, sasa imepungukiwa kidau kimoja. Chini yake alikuwa amechonga jina langu na lake kwa mistari myembamba, maana mkono haukuwa na nguvu tena. Ushahidi mwingine wa kazi yangu sikupewa.

Mwezi wa kwanza nyumbani Kamina nilikwenda kwenye msiba katika mji wa Kabongo. Niliporudi, mdogo wangu wa kike, Kabange, anayeniita Yaya, yaani mkubwa wake, alinipokea mlangoni akicheka.

"Yaya, weye muntu ya diplome, unaweka kintu nyeusi vile mu salon ya bageni? Bageni batasema nini? Nimesugua na majivu na muchanga, juu na chini, tangu asubui. Angaria! Inangaa kushinda sufuria za mama!"

Niliigeuza, nikatazama palipokuwa na majina yetu. Kicheko chake kikapungua aliponitazama usoni.

"Haiko muzuri, Yaya?"

"Iko muzuri, dada. Aksanti sana."

Kila asubuhi mimi huketi nayo mezani. Kidole gumba changu hiki kilisoma mikono ya mafundi waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Nakiweka pale lilipoanzia jina la fundi mkuu, nakisogeza polepole, nacho kinateleza bila kukwama popote hadi ukingoni.