Kinubi cha Gwandu chini ya dirisha la wodi

Bado naikataa hii habari, ndugu zangu. Jana asubuhi nilishika simu nimpigie Gwandu, nimwambie kuna mtu amefariki, tumsengenye kidogo. Ndipo nikakumbuka marehemu ni yeye.

Wengi hapa Babati mlimjua kama fundi vitanda wa Maisaka. Wachache mlijua anapiga kinubi, peke yake, bila ngoma wala mwimbaji. Nikijaribu kuimba juu yake anazima nyuzi kwa kiganja, ananitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani.

Alikichonga mwenyewe, nyuzi akanunua kwa wavuvi wa ziwani. Nikamwambia, "Baba Paskalina, ukivuta hapo atatoka kambare." Hakucheka. Alicheka kesho yake, akiwa peke yake na randa yake. Nilimsikia.

Alifundishwa na padre mmoja mzee wa misheni, naye alifundishwa na mwingine, hivyo hivyo kurudi nyuma huko. Kwa hiyo kabla ya kila wimbo anamtaja aliyeutunga. Huyu alimpigia mfalme karne nne zilizopita. Huyu kipofu, alizunguka na farasi kijiji hadi kijiji. Huyu mama wa Kifaransa, gauni lake linafagia sakafu. Huyu wa juzi juzi aligonga hadi mbao za kinubi, watu wakasema amekiharibu.

Mimi niliyeikimbia shule mapema, historia ya Ulaya nimeijulia kwenye maranda ya mbao.

"Hawa wote wamekufa," nikamwambia. "Huna rafiki mzima?"

"Wewe upo. Lakini hujawahi kutunga kitu ila uongo."

Hapo hakunionea, mnanijua. Ndiyo maana leo naandika taratibu. Nina jambo la kushuhudia.

Gwandu naye alitunga. Wimbo mmoja tu, aliuchonga miaka na miaka kama mguu wa kitanda cha bibi harusi. Kurekodi alikataa. Alisema simu inabeba sauti, lakini haikwambii umekosea wapi. Wa kuurithi alikuwa binti yake, Paskalina, basi.

Utaratibu wao ulitoka kwa yule padre. Mwanafunzi anapiga akiwa nje, mwalimu yuko ndani, hawaonani. Akikosea, mwalimu anagonga ukuta, mwanafunzi anaanza upya. Akifika mwisho bila kugongewa, wimbo umekuwa wake, anaruhusiwa kuupiga mbele za watu.

Paskalina hakuwahi kufika mwisho. Kuna mahali nyuzi nene zinanyamaza, uzi mwembamba unabaki peke yake. Hapo anaharakisha. Ko. Upya.

Juzi mchana, wodini alikolazwa Gwandu, daktari akanivuta pembeni: "Mzee, waite ndugu." Nikampigia Paskalina, nikamwambia aje na kinubi.

"Baba mkubwa, usinitanie leo."

"Njoo nacho."

Alikuja na bajaji, kinubi kimefungwa khanga. Nesi akamzuia mlangoni: "Dada, hii ni wodi, siyo harusi." Akazunguka nyuma, akasimama kwenye maua chini ya dirisha. Mimi nimekaa kando ya Gwandu, mkono wake uko kwenye chuma cha kitanda.

Paskalina akaanza. Gwandu akagonga chuma: ko. Akaanza tena. Ko.

Nesi akaja mbio. "Mzee, mwambie aache."

"Mwanangu, mgonjwa anamfundisha binti yake. Mpe hii moja."

Akautazama mkono wa Gwandu, akaondoka.

Paskalina akarudia. Pumzi ya Gwandu ilikuwa inakuja, inakaa, inasahau kurudi. Sikio moja nimeliachia pumzi, jingine kinubi, sijui kipi kitakatika kwanza.

Akafika pale pabaya. Gwandu akanyanyua kidole.

Kidole kikakaa juu. Uzi mwembamba ukalia peke yake, bila haraka, mpaka ukaisha wenyewe. Kidole kikashuka kwenye shuka, hakikugusa chuma. Wimbo ukaendelea hadi mwisho. Gwandu akavuta pumzi moja baada ya hapo, halafu basi.

Kisha nikasikia kutoka nje, kwa sauti ndogo: "Baba?"

Tangu hapo ananiuliza lile lile. "Baba mkubwa, hakugonga kwa sababu nilipatia, au alikuwa ameshaondoka?" Nikimjibu ananichunguza usoni, anatafuta kicheko changu kimejificha wapi. Shahidi mwingine hakuna.

Tunazika kesho Nangara, na Paskalina amesema hapigi. Hawezi kupiga wimbo ambao si wake. Asipoupiga yeye, hakuna mwingine anayeujua, tunaufukia na mwenyewe.

Sasa Paskalina, mdomo wangu huuamini, haya soma hapa mbele ya watu wote. Baba yako alikuwa hai. Alikinyanyua kidole, akakusikiliza, akakishusha. Kama hili ni utani, siku yangu ikifika msinisindikize.

Kesho wataje wale wote, karne kwa karne, wa mwisho umtaje yeye. Halafu upige.

Gwandu, mzee mwenzangu, wasalimie watungaji wako huko. Ukimkuta yule mama wa gauni refu, usimpe namba yangu kwa sasa, bado nina shughuli huku.

Pumzika, Baba Paskalina. Lala salama. Wimbo wako una mwenyewe.