Moshi Mweusi Juu ya Igogo

Mpaka leo nikimkumbuka dereva wangu wa treni, napandwa na hasira. Nilikuwa mwasha moto wake miaka ya mwisho ya injini za mvuke hapa Mwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, nami nilimheshimu kama baba. Injini yetu ilichoma mafuta mazito, naye alinizoesha kutazama bomba la moshi kabla ya kutazama geji ya mvuke. Moshi wa kijivu, mwembamba kiasi cha kuona mawe ya mtaa wa Igogo, kando ya reli, nyuma yake, ujue moto umekaa sawa. Ukiwa mweusi, mafuta yamezidi au hewa imepungua. Ukiwa mweupe na unawasha macho, mafuta yanapita bila kuungua.

Asubuhi moja tuliondoka na moshi mweusi tii. Nikapunguza mafuta, weusi ukabaki palepale, mvuke ukaanza kushuka. Nilipochungulia tanuri, nikaona matofali ya ukutani yameanguka, yameziba njia ya hewa. Nikamwonyesha dereva. Akaniambia anajua tangu juzi. Karakana walisema hakuna injini nyingine, twende hivyohivyo.

Tukaenda. Wanawake wa Igogo walikuwa wameanika nguo, tukawamwagia masizi. Walitutukana, na walikuwa na haki. Kwenye mwinuko wa kutokea mjini mvuke ukaisha, treni ikasimama. Abiria walikaa juani mpaka alasiri, na kati yao alikuwemo mama mwenye uchungu. Alijifungulia ndani ya behewa, wenzake wamemzungushia khanga. Ni bahati tu kwamba yeye na mtoto walipona.

Wakubwa walituita. Nikaeleza habari ya matofali. Walipomgeukia dereva, alitazama sakafu.

"Kijana alizidisha mafuta," akasema. "Nilimwonya."

Nikafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Jioni alikuja nyumbani kwangu Mabatini, ameshika sato wawili. Nilimwamkia, kwa kuwa nililelewa hivyo, lakini sikumkaribisha ndani.

"Mwanangu, nimebakiza kidogo nistaafu," akasema. "Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningesema ukweli, mzee. Rudi na samaki wako."

Nilijifunza kuchomelea vyuma, nikalea watoto wangu kwa kazi hiyo. Alipofariki sikwenda kumzika. Mke wangu alikwenda, na aliporudi akaniambia kwamba watu waliniulizia. Nikamwambia angewajibu tu kwamba nipo nyumbani, mzima wa afya, na nimekataa kuja kumzika.