Mwalimu wa Kibarua Aliyetaka Mtihani wa Wote

Wiki iliyopita tulimzika mama mmoja, mwalimu wa kemia hapa Likasi, mji wetu wa migodi. Wengi mnaosoma safu hii hamkumjua, kwa sababu chuo alichofundishia hakikuandika jina lake popote. Figo zilimtesa mwaka mzima, akafia nyumbani kwa dada yake mkubwa, mtaa wa Panda. Chuo kilituma wajumbe na shada la maua lenye utepe ulioandikwa “Profesa wetu mpendwa”. Dada mtu aliusoma, akamgeukia aliyeuleta, akamwambia bila kupandisha sauti: “Papa, wakati alikuwa muzima mulikuwa munamwita visiteur. Maua tunapokea, aksanti. Ile mukanda mutoe.” Wakautoa palepale. Nilikuwa nimesimama karibu, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi mazishini.

Visiteur ni mgeni, na ndivyo wanavyoitwa walimu wanaolipwa kwa saa. Mimi pia nilikuwa mmoja wao, upande wa Kifaransa. Ilikuwa miaka ile ambapo serikali, baada ya kushindwa kulisha vyuo vyake yenyewe, iliruhusu kila mwenye jengo na muhuri kufungua chuo kikuu. Kampuni ya migodi ilikuwa imeanza kuyumba, mishahara ikichelewa, na watu wa viwandani walikuwa wakitafuta diploma kama mtu anayetafuta koti kabla ya baridi. Chuo chetu kilifunguliwa katika bohari la zamani. Kozi ya kemia ilikuwa na profesa wa Lubumbashi, mwenye jina, cheo na gari. Alifika siku ya kufungua mwaka na siku ya jopo la matokeo. Katikati ya siku hizo mbili alifundisha yule mama. Alisoma shule ya misheni kule Mulungwishi, kisha chuo kikuu, na alipenda kazi yake kwa namna iliyonitia wivu. Kila mwanzo wa mwaka aliomba mkataba wa kudumu, na kila mwaka mkurugenzi alimjibu kwamba wataona.

Kilichowakosanisha ni silabusi, yaani yale maelezo ya kozi yaliyopigwa chapa ambayo kila mwanafunzi alilazimishwa kuyanunua. Kwetu silabusi ilikuwa tiketi. Aliyekuwa nayo alikaa kwenye benchi, na asiyekuwa nayo alisikiliza kutoka mlangoni. Namkumbuka mfanyakazi mmoja wa kiwandani, mwenyeji wa Kakanda, baba wa watoto, aliyekuja kila siku baada ya zamu na kuandika akiwa wima, daftari likiwa juu ya mgongo wa mwenzake. Yule mama aliwafundisha wote. Alisoma polepole, akaandika kila kitu ubaoni, hata ikawa hakuna haja ya kununua chochote. Mkurugenzi akamwonya kwamba anaharibu biashara. Neno alilotumia ni hilohilo, biashara, na hakuona kwamba amesema kitu cha ajabu.

Asubuhi ya mtihani tulikuta mlinzi mlangoni. Wenye silabusi waliingia, wengine wakazuiwa uani. Yule mama alifika, akatazama, akaingia ndani, akawaomba waliokaa wainuke na kuyabeba mabenchi kuyapeleka nje. Walisitasita kidogo, kisha benchi la kwanza likatoka, na mengine yakafuata pamoja na ubao. Mkurugenzi akaja mbio kumkumbusha kanuni za chuo, akimwita “mwananchi” kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

“Citoyenne, règlement ni règlement. Benye habakununua silabusi habaingie.”

“Habaingie, nimesikia,” akajibu. “Njo maana sisi bote tumetoka. Hii examen ni ya bale miye nilifundisha. Kama iko wengine weye ulifundisha, baite baingie na weye mule ndani.”

Hakucheka mtu, maana wote waliogopa. Aliandika maswali ubaoni, na watu wakafanya mtihani wao chini ya jua, wengine kwenye mabenchi, wengine wamekaa juu ya matofali. Mkurugenzi alisimama pale hadi mwisho, mikono nyuma, kama mtu aliyealikwa.

Siku ya jopo alijaribu tena. Alidai maksi za wale wa mlangoni zifutwe. Yule mama aliziweka karatasi zake mezani, akaweka mkono juu yake, akasema atatoa maksi za wote au hatatoa hata moja. Mkurugenzi akamgeukia profesa wa Lubumbashi amtoe kwenye shida. Profesa, ambaye hakuwajua wanafunzi hata kwa sura, aliangalia dari, halafu akashauri zipokelewe zote, kwani alikuwa na safari. Zikapokelewa.

Sasa nawaeleza jambo ambalo watu hulisahau wanaposimulia habari hii. Yule baba wa Kakanda alianguka mtihani. Alikuja uani kwa masikitiko, akamwambia, mama, ulitupigania, sasa umeniangusha weye mwenyewe. Naye akamjibu: “Nilikupigania juu ya kuingia. Kupita ni kazi yako. Kesho kuya na daftari, tuanze pale ulipokosea.” Akaja kesho yake na siku zilizofuata. Akapita awamu ya pili ya mtihani, na siku ya kutangazwa matokeo mkewe, kwa desturi yetu ya kumpongeza aliyefaulu, alimmwagia poda kichwani hadi nyusi zikawa nyeupe.

Mwaka uliofuata jina la yule mama halikuwa kwenye ratiba. Hakufukuzwa, kwa kuwa mtu ambaye hajaajiriwa hafukuzwi. Anaacha tu kuitwa. Baada ya miezi kadhaa wakamwita, kwa sababu aliyechukua nafasi yake alikuwa amekimbilia Zambia. Walimtaka arudi, mradi auze silabusi kama wenzake. Yeye akataka mkataba, si wake tu, bali wetu sote tuliolipwa kwa saa. Wakakataa, naye akakataa. Akaanza kufundisha kemia katika ukumbi wa parokia, akiishi kwa mahindi ya shamba la mama yake, na nusu ya darasa la chuo ikawa inamfuata huko kuelewa ilichokuwa imelipia kwingine.

Sitaki mtu asome haya akaishia kusema alikuwa mama mwema. Wema wake ulikuwa mwingi, na chuo kiliula kwa miaka mingi bila kushiba. Kilichokitikisa chuo ni ile asubuhi moja alipoacha kuwa mpole. Tulikuwa tumeambiwa kwamba sisi wa saa ni rahisi kubadilishwa kama balbu, lakini alipoweka mkono juu ya zile karatasi, mkurugenzi, profesa na muhuri wao hawakuwa na pa kwenda. Alikuwa peke yake, ndiyo maana waliweza kungoja mwaka uishe na kumtoa kimyakimya. Tungeweka mikono yetu pale mezani sote, wangemtoa nani?

Mwaka mpya wa masomo unakaribia, na najua walimu wengi wa kibarua mnasoma hapa. Mtaambiwa tena kwamba wataona. Hakuna chuo kitakachotupa haki kama zawadi ya uvumilivu wetu. Tutaipata siku tutakapokataa, na tukatae pamoja.