Mama Anaumwa Kidogo

Mimi mwenyewe ndiye niliyeililia ile pwani. Nilishachoka na Azaiba, pwani ya mjini kwetu, nikamganda mume wangu akodi karavani, lile gari la kulala ndani, atupeleke mbele ya kijiji cha Yiti, pahala hapana hoteli wala kibanda cha chai. Milima ilikuwa imeanza kutuziba njiani, simu ikaingia ujumbe wa mdogo wangu kutoka Unguja: "Mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, piga." Nikapiga papo hapo. Mtandao ulikuwa umeshakatika.

"Geuza gari," nikamwambia mume wangu.

"Kwa kuumwa kidogo? Si mafua hayo! Na karavani hii ntaigeuzia wapi, njia yenyewe nyembamba hivi? Tufike kwanza."

Yeye amezaliwa huku huku, mtaa wa Khuwair. Unguja anaijua kwa picha za harusi. Mimi nimekulia kule, na kule mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu, huambiwa mgonjwa. Alipofariki mjomba wangu, mimi ndiye niliyempigia mwanawe aliyekuwa Dubai, nikamwambia baba yako hajisikii vizuri, jitahidi uje. Maiti alikuwa ameshakoshwa. Na mtu akiumwa kweli hakuna cha kidogo, utatajiwa dawa zote na daktari kasema nini.

Tulipofika, watoto walirukia maji na nguo zao. Mchanga safi, hapana hata alama ya mguu, bahari imetulia tuli. Wallahi niliichukia. Nikawa nazunguka na simu nimeinyanyua juu, naitukana, huku mume wangu anapepea makaa ya mishkaki.

"Bibi weye, njoo ule kwanza. Kesho tukitoka utapiga."

"Kesho watakuwa wameshazika!"

Watoto waliacha kucheza majini, wakatugeukia. Mume wangu akaacha kupepea, akanitazama, na nikaona sasa kafahamu. "Inna lillahi..." akaanza. Nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

"Usiseme! Hakuna aliyesema kafa. Umesikia? Hakuna aliyesema!"

Akanionyesha mlima nyuma yetu, akabaki na watoto. Nikaupanda na ndala, abaya inanasa kwenye mawe, naivuta mpaka ikachanika. Njia nzima naomba. Ya Rabbi, yawe mafua. Ya Rabbi, awe ameanguka. Nilimwombea mama yangu mzazi avunjike mguu, na niliomba kwa moyo wangu wote.

Juu kabisa mtandao ukarudi. Mdogo wangu alipokea haraka.

"Mama hajambo?" nikauliza.

"Hajambo, dada. Amelala."

Mama akisikia mimi ndiye niliyepiga humpokonya mtu simu mkononi, hata awe anasali sunna ataikatisha.

"Mwamshe basi."

"Amekunywa dawa, dada, usingizi umemchukua. Wewe fanya uje tu."

Nyuma yake mwanamme mmoja aliuliza turubai lifungwe upande gani, na mwanamke akasema kuwa majamvi ya msikitini yameshafika. Mdogo wangu akajikohoza kwa nguvu ili nisisikie. Maskini, na yeye alikuwa peke yake na jambo lile.

Chini watoto wangu walikuwa wameshaanza tena kucheka. Nikakaa juu ya jiwe.

"Akiamka," nikasema, "mwambie nnakuja."

"Ntamwambia, dada."