Ufunguo wa Uwanja Mpya

Juzi nilipanga mstari mbele ya meza ya sekretari wa chuo kimoja huku Gihundwe. Chuo kinataka kuvunja uwanja wake wa zamani wa mpira, ule ulio mbele ya ofisi, kijenge mwingine, na sisi majirani tumeitwa kuandika maoni kwenye daftari. Mimi nilishaandika ndiyo. Nani anapenda kutazama mechi amesimama kwenye matope?

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja mwenye kitenge mabegani. Kalamu hakuipokea.

"Hiyo stade ya mupya, papa, itakuwa na ukuta?"

"Ukuta murefu, maman, na mulango ya chuma!" Sekretari alinyoosha mkono juu kuonyesha urefu.

"Na ufunguo?"

"Itabakia kwa mulinzi."

Mama alikaza kitenge chake. "Kila mara inchi inatetemeka, tunakimbizaka batoto mu huu uwanja, kwa sababu hapa hakuna kitu ya kutuangukia. Siku ingine, mulinzi tutamutafuta wapi?"

Sekretari alicheka, akasema tetemeko haliji kila siku. Papo hapo lori la simenti likapita barabarani, vioo vya dirisha vikalia. Tulitoka mbio sote. Nilipofika nje, sekretari alikuwa ameshatutangulia, amesimama katikati ya uwanja wa zamani.

Nilirudi mezani kufuta ndiyo yangu. Lakini kalamu alikuwa nayo sekretari, na hakuonekana kuwa na haraka ya kurudi ndani.