Pilau Iliyopekuliwa

Mashoga zangu, aibu ninayo, siikatai, na mnaponiona nacheka msidhani imekwisha. Mwanamke mzima wa Mambrui, mama wa watoto, kumwagiwa mkoba wangu mbele ya kina mama waliokuja harusini, wamejipamba, wananukia udi, na mimi nanuka vitunguu! Lakini nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mniambie nani hasa alistahili kuona haya.

Nilikuwa mpishi kwa Bi Rukia, kwenye ile nyumba yao ya ghorofa hapo Malindi (watu wa mashamba na maduka, mnawajua). Mwenzangu alikuwa Kadzo wa Jilore, yeye kazi yake kufua na kusafisha. Alasiri Bi Rukia akijilaza, sisi tulikuwa na mtindo wetu jikoni: mmoja akae kwenye mbuzi akune nazi, mwenziwe asome riwaya kwa sauti. Siku hizo tulikuwa na riwaya moja tamu ya enzi za masultani, watumishi wa jumba la tajiri mmoja wamechoka kutukanwa, wakaamua kumwibia dhahabu yote siku anamwoza bintiye. Shida ilikuwa majina. Fulani binti fulani bin fulani, Kadzo kila ukurasa ananikatiza, "Huyu naye ni nani tena, dada?" Nikachoka. Nikasema basi, mwenye nyumba ni Bi Rukia, mtumishi mkuu ni mimi, na wewe ndiwe unayeiba funguo. Kosa langu lote ni hilo, na mtu gani wa pwani asiyejua kwamba hadithi hunoga ukiwatia watu mnaowajua?

Kumbe siku hiyo Bi Rukia hakulala. Dirisha la chumba chake liko juu ya jiko, akaisikia sauti yangu, kavu, bila haya: "Kadzo ataiba funguo Bi Rukia akiwa msalani, na dhahabu yote tutaitoa ndani ya sinia za pilau." (Na mle nyumbani kweli kulikuwa na harusi inakuja, bintiye Bi Rukia anaolewa. Mnaona balaa ilivyojipanga?) Hakutuuliza, hakutufukuza. Alingoja tu tuingie mtegoni.

Siku ya harusi kina mama wamekaa mikekani, wamekwisha kunawa mikono, sinia zinaingia, mimi mbele, Kadzo nyuma. Bi Rukia akasimama katikati. "Asiguse mtu!" Nikadhani ameona nyoka. Akakunja mikono ya gauni lake la hariri, akachutama, akatia mkono kwenye pilau yangu, pilau niliyoiamkia alfajiri, akaipekua mpaka kiwiko, sinia moja baada ya nyingine, nyama huku, viazi kule, zabibu zinarukia mabuibui ya watu. Akaambulia mdalasini.

"Semeni dhahabu mmeitia wapi!" Anatweta. "Nimewasikia kwa masikio yangu! Kadzo, wewe ndiwe mwizi wa funguo!"

Kadzo akaweka sinia chini. "Mulungu wangu," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

Hapo hasira zilinipanda mpaka macho yakaona kiza. Maana mtu wa Jilore hapati kazi Malindi kwa cheti, anaipata kwa midomo ya wanawake walewale waliokaa pale. Akitoka na jina la mwizi, hakuna mlango utakaomfungukia tena, na nyumbani kwao yeye ndiye anayemlisha mama yake. Na jina hilo nilimbandika mimi.

Kabla sijafungua mdomo, dada yake Bi Rukia akauchukua mkoba wangu niliouacha mlangoni, akaumimina mkekani. Ikatoka kanga. Ikatoka riwaya. Zikatoka na sambusa za nyama, nimezifunga vizuri kwa ajili ya wanangu. Kicheko kilichozuka! "Mchovya asali hachovyi mara moja," akasema dada mtu, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze (sambusa zenyewe zilikuwa nyingi, sisemi uongo).

Lakini nikayaona machozi ya Kadzo, na aibu ikanitoka yote. Nikaokota kitabu. "Wezi mnaowatafuta wamo humu," nikasema, nikaanza kusoma papo hapo, kwa majina yao ya kweli safari hii, kuanzia pale pale aliposikia Bi Rukia. Maneno ya funguo yakapita, ya pilau yakapita, nikamwona Bi Rukia ameyatambua. Nikaendelea. Kina mama wakasogea. Pilau inapoa, hakuna anayeijali. Nikafika pale mtumishi ameinua sinia yenye dhahabu, tajiri amesimama mlangoni anasema, "Hebu nionje," nikafunga kitabu.

"Enhe? Akaonja?" bibi mmoja akauliza.

"Sisomi. Mpaka Kadzo aombwe radhi, hapahapa, kwa sauti ileile aliyoitiwa mwizi."

"Rukia, sema basi mwanangu," yule bibi akamhimiza, "twataka kujua." Bi Rukia akanitazama, nami nikamtazama, wallahi sikuteremsha macho. Mwishowe akamgeukia Kadzo, mkono bado una mafuta. "Kadzo, wewe si mwizi. Nimekukosea mbele ya watu, nisamehe mbele ya watu."

"Nimekusamehe, mama," Kadzo akasema.

"Haya, soma," Bi Rukia akaniambia.

Nikaokota sambusa zangu moja moja, hadharani, nikazirudisha mkobani, nikamshika Kadzo mkono, tukatoka kwa mlango wa mbele, ambao wapishi hatuutumii.

Kutia majina ya watu kitabuni nimekoma, hilo naapa. Kusoma kwa sauti siachi, na mpishi kuwabebea wanawe chakula alichokipika mwenyewe sitakuita wizi hata mkinining'iniza. Kadzo sasa yuko kwa yule bibi aliyeuliza "Akaonja?", na Bi Rukia keshatuma mtu kwangu kuulizia hadithi iliishaje. Nimemjibu kwamba Kadzo anaijua yote. Aende akapige hodi, aombe kwa adabu.